Maji ya mfereji yana kasoro gani? Kutoka dalili hadi chanzo, kwa wakazi wa Nakuru, Kisumu na magharibi

"Maji yetu hayana shida, tunayachemsha," mama mmoja wa upande wa Njoro aliniambia, na kwa kweli glasi aliyonipa ilikuwa angavu kama kioo. Kisha bintiye wa miaka 9 akacheka, nikaona mabaka ya kahawia kwenye meno yake ya mbele. Maji yale ya kisima kirefu hayakuwa na harufu, rangi wala ladha ya kumshtua mtu. Yalikuwa na floraidi nyingi, madini yanayotoka kwenye miamba, na sufuria iliyochemka jikoni kila asubuhi ilikuwa ikiizidisha, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki chini.

Ninaanza na mtoto huyo kwa sababu watu hutafuta msaada pale maji yanapojisema: yakinuka, yakiwa mekundu, yakiacha mchanga kwenye kikombe. Mengi ya makosa hayo ya wazi huudhi tu, hayaui. Yanayoumiza zaidi hayaonekani. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kwa hiyo soma dalili za wazi, zitakusaidia, lakini ukifika kwenye sehemu ya meno na ya tumbo usipite haraka hata kama maji yako yanang'aa.

Kabla ya yote: yalibadilikia wapi?

Chukua glasi tatu za kioo zilizo safi. Ya kwanza ijaze kwenye mfereji ulio karibu na mita, kabla maji hayajaingia kwenye tangi. Ya pili, mfereji wa jikoni unaotoka kwenye tangi. Ya tatu, chota kwenye mtungi au ndoo mnayonywea. Zipange juu ya karatasi nyeupe, zitazame, zinuse. Kama kasoro ipo kwenye zote tatu, shida imetoka kwenye kampuni ya maji au kisimani. Kama imeanzia ya pili, ni tangi au mabomba ya ploti. Kama ni ya tatu peke yake, ni mikono, kata na mtungi.

Jaribio hili ni la dakika tano na limewaokolea watu pesa nyingi. Nimeona mwenye ploti akinunua kichujio cha bei kubwa kwa ajili ya maji ya kampuni, ilhali ndani ya tangi lake mlikuwa na mjusi aliyekufa.

Glasi ya tatu isidharauliwe. Watafiti wakiwa na Michael Kremer, aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, walifuatilia chemchemi za vijijini maeneo ya Busia na Butere-Mumias. Chemchemi ilipojengewa saruji na bomba la kutokea maji, uchafu wa kinyesi pale chemchemini ulipungua kwa asilimia 66. Nyumbani, ndani ya mitungi ya watu hao hao, ulipungua kwa asilimia 24 tu. Sehemu kubwa ya faida ilipotelea kati ya chemchemi na kikombe.

Maji meupe kama maziwa

Acha glasi mezani kwa dakika moja au mbili. Yakianza kung'aa kutoka chini kwenda juu, ni hewa tu iliyobanwa bombani, hasa maji yaliporudi baada ya mgao. Kunywa kama kawaida. Weupe ukizama na kutulia chini, hiyo si hewa, peleka sampuli.

Mekundu, kahawia, au chai inakuwa nyeusi

Chuma ndicho cha kushukiwa kwanza. Chai ni kipimo kizuri cha nyumbani: chuma kikikutana na majani ya chai, rangi hugeuka kuwa nyeusi ya kijivu na hata maziwa hayaiokoi. Nguo nyeupe huota madoa ya kutu, na ladha huwa kama umelamba msumari. Kuanzia miligramu 0.3 kwa lita watu huanza kulalamika, ingawa kwa afya kiasi hicho si hatari.

Swali ni chuma kimetoka wapi. Kama wekundu huja maji yanaporejea baada ya siku kadhaa za mgao kisha ukaisha, ni kutu na tope lililolala kwenye bomba kuu. Acha yatiririke, yatumie kudekia, usijaze tangi kwa maji ya mwanzo. Kama huja kila asubuhi kwa ndoo moja ya kwanza, ni mabomba ya chuma ya nyumba yenyewe.

Kwa pampu za mkono za Kakamega, Bungoma, Siaya na Busia kuna jaribio jingine ambalo kila kamati ya kisima ingepaswa kulijua. Alfajiri, kabla mtu yeyote hajachota, jaza chupa ya kwanza. Endeleeni kupampu kwa muda mrefu, akina mama wakijaza mitungi yao kama kawaida, kisha jaza chupa ya pili. Kama ya kwanza ni nyekundu na ya pili ni safi, maji ya ardhini ni mazuri. Yanachokula ni mabomba ya chuma ndani ya kisima, kwa sababu maji mengi ya ardhini ya magharibi yana uchachu kidogo. Dawa yake ni kubadilisha mabomba yawe ya plastiki au chuma kisichoshika kutu. Kama zote mbili ni nyekundu, chuma kiko kwenye mwamba, na kubadilisha mabomba kutawamalizia pesa za kikundi bure. Hapo mnahitaji kuyapitisha maji kwenye hewa, kama kuyaporomosha juu ya kokoto, chuma kigande, kisha yachujwe kwa mchanga.

Chembe nyeusi ni jambo tofauti. Zikipakaa kama masizi ukizisugua kati ya vidole, huenda ni manganisi. Zikinyumbuka, ni raba ya mfereji iliyooza. Nunua washa mpya.

Kahawia ya udongo wakati wa mvua, ambayo watu wa Kisumu wanaijua mito inapomwaga tope kwenye Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ina hatari ya namna yake. Tope huwaficha vijidudu na hula klorini kabla haijawafikia. Kipimo cha uvurugu, yaani wingi wa tope majini, kikizidi NTU 5, usitegemee klorini peke yake. Acha maji yatulie, mimina ya juu kupitia kitambaa kilichokunjwa mara nne, ndipo utie dawa.

Harufu

*Yai bovu.* Kama ni maji ya moto pekee, shida iko kwenye tangi la kupashia joto. Kama inatoka sinki moja tu, jaza glasi uende nayo nje ukainuse huko. Mara nyingi ni bomba la maji machafu linalonuka wala si maji. Ikiwa ni kisima kizima, ni gesi ya salfa kutoka ardhini au bakteria wanaoishi kisimani.

*Udongo au ukungu, hasa Kisumu.* Hii hutokana na mwani na bakteria wa ziwani. Harufu yenyewe haidhuru. Lakini ikiambatana na maji ya kijani, yenye utando kama rangi ya mafuta iliyomwagika ufukweni, tahadhari. Ghuba ya Winam imejaa mbolea na maji machafu yanayotoka nchi kavu, na mwani wa kijani-samawati hustawi humo. Baadhi yake hutoa sumu inayoshambulia ini, na Shirika la Afya Duniani limeiwekea sumu hiyo kikomo cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji ya kunywa ya kila siku. Kuchemsha hakuiondoi, kunazipasua seli za mwani na kuiachia sumu yote ndani ya sufuria. Anayechota moja kwa moja ziwani siku za utando asichemshe akadhani amemaliza. Atafute maji ya bomba au ya mvua mpaka utando uondoke.

*Klorini.* Wengi hupiga simu wakilalamikia harufu hii, nami huwaambia: hiyo ndiyo harufu ya maji yanayolindwa. Ikizidi kiasi kwa siku moja mbili, huenda bomba limetengenezwa karibu likasafishwa kwa dawa. Mimina kwenye chombo kipana chenye kifuniko chepesi, yakae saa chache. Ningekuwa na wasiwasi zaidi na mfereji wa mjini usionukia klorini hata kidogo, mwaka mzima.

*Petroli au rangi.* Acheni kuyanywa leo. Mafuta hupenya ukuta wa bomba la plastiki lililozikwa kwenye udongo ulioloa mafuta, kwa mfano karibu na gereji. Kuchemsha hakusaidii, na klorini haisaidii.

Tumbo linaendesha, maji ni masafi machoni

Hapa ndipo uharaka ulipo. Kama kuna kuhara kwa majimaji kama maji ya mchele kwa mtu zaidi ya mmoja, nenda hospitali kwanza na umwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi. Kipindupindu hakingoji majibu ya maabara.

Kwa hali isiyo ya dharura, kifaa kimoja cha bei nafuu kitakuambia mengi: kipimo cha klorini cha vidonge. Kidonge hufanya maji yawe ya waridi, nawe unalinganisha rangi na kadi. Pima papo hapo mferejini, kwa maana klorini hutoroka njiani. Mferejini inafaa usome kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita.

Rudi kwenye zile glasi tatu, mara hii ukipima klorini. Ukisoma 0.3 karibu na mita na sifuri jikoni: tangi lako linakula klorini. Lina tope chini, au ni kubwa mno kiasi kwamba maji yanalala humo wiki nzima, au kifuniko kilipeperuka, nao ndege wanalitumia. Ukisoma sifuri karibu na mita: iarifu kampuni ya maji, andika tarehe na saa, na mpaka wajibu tibu maji ya kunywa nyumbani. Ukisoma 0.3 karibu na mita na 0.3 jikoni, na watoto bado wanaendesha: tazama mtungi, tazama chakula, tazama mikono. Fahamu pia kwamba wapo viumbe kama kriptosporidiamu wasiojali klorini ya kawaida. Hao huuawa na mchemko.

Kwa nini mgao wa maji huleta ugonjwa? Bomba likiwa limejaa na lina msukumo, maji hutoka nje kwenye nyufa. Msukumo ukikatika, bomba hufyonza, na kila ufa hugeuka mdomo. Kama lile bomba jembamba la plastiki limelala ndani ya mtaro wa maji machafu, kama ilivyo kwenye ploti nyingi, linafyonza mtaro. Maji yanaporudi, lita za kwanza ndizo zilizobeba hayo yote. Watu nao ndio wanakimbilia hizo hizo kwa hofu yatakatika tena. Ikiwezekana, hamisheni bomba lenu kutoka mtaroni. Mita chache za bomba jipya ni nafuu kuliko taifodi moja.

Kwa visima vifupi vya mitaa ya Kisumu kama Manyatta na Nyalenda sihitaji kipimo ili nitoe ushauri. Choo cha shimo na kisima vikiwa ndani ya uga mmoja, na maji ya ardhini yako karibu, chukulia kwamba vinasalimiana. Maji hayo ni ya kufulia. Anayelazimika kuyanywa ayatibu kila mara, bila siku ya mapumziko.

Ukishagundua ni tangi, lisafishe hivi. Limwage lote, sugua kuta na sakafu, toa tope. Jaza maji, kisha tia klorini ifike miligramu 50 kwa lita: kwa tangi la lita 1,000 na klorini ya unga yenye nguvu ya asilimia 65, ni gramu 77 hivi. Iyeyushe kwanza kwenye ndoo ya plastiki iliyo na maji, mahali penye upepo, usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya kusafishia. Fungua kila mfereji mpaka klorini inukie, funga, acha saa 24. Waambie wapangaji wote wasitumie. Mwaga, jaza upya. Sampuli ya bakteria usiichukue siku hiyo. Utapata majibu mazuri ya uongo kwa sababu klorini bado ni kali. Ngoja siku kadhaa, maji yakisharudi katika hali ya kawaida.

Meno ya kahawia

Miamba ya volkano ya Bonde la Ufa ina floraidi nyingi, na maji yanayokaa ndani yake miaka na miaka huiyeyusha. Ziwa Nakuru lenyewe limejaa floraidi kupindukia. Mji wa Nakuru hutegemea sana visima virefu, vikiwemo vya Kabatini, Baharini na Olobanita, na nje ya mtandao wa kampuni kila shule, kanisa na shamba lina kisima chake. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwanza hakikisha ni floraidi kweli. Meno ya kudumu hutengenezwa ndani ya ufizi tangu utotoni hadi miaka 8 hivi, na ni wakati huo pekee ambapo floraidi huyatia doa. Kama ulihamia Nakuru ukiwa na miaka 30 na meno yako yamekuwa ya kahawia, tafuta sababu nyingine: chai, sigara, au meno yaliyooza. Doa la floraidi huja meno pande zote mbili, kushoto na kulia kwa kufanana, na haling'oki kwa kusugua. Likionekana kwa mtoto wa miaka 9, linakueleza alichokunywa alipokuwa na miaka 2 au 3. Kwa hiyo usiulize maji ya leo tu. Uliza familia iliishi wapi wakati huo.

Maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita yakinywewa kwa miaka mingi huanza kuathiri mifupa, na juu ya 10 huweza kulemaza kabisa. Mzee mwenye mgongo usiokunjuka na maumivu ya viungo, aliyekulia kwenye kisima kimoja maisha yake yote, anastahili maji yake yapimwe, si kupewa vidonge vya maumivu tu.

Kuna alama moja inayowapoteza watu. Kalsiamu huishika floraidi na kuifungia ndani ya mwamba. Maji yenye kalsiamu kidogo huiacha huru. Maji ya namna hiyo ni laini, sabuni hutoa povu mara moja, na birika haliotishi gamba. Watu huyasifu. Katika Bonde la Ufa, maji ya kisima yanayotoa povu kwa raha namna hiyo ndiyo ningeyapima mapema. Yale yanayoacha gamba jeupe kwenye birika na kuchelewesha maharagwe hulaumiwa bila kosa kubwa.

Usikisie kwa jirani. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, kutegemea kina na mwamba. Sampuli ya floraidi ni rahisi: chupa ya plastiki iliyosuuzwa mara tatu kwa maji hayo hayo, haihitaji barafu. Mahitaji ni maabara yenye kifaa cha elektrodi. Karatasi za kubadilika rangi sizitegemei kwa uamuzi mkubwa kama huu.

Majibu yakizidi kikomo, makaa ya kupikia, mchujo wa udongo na klorini havitafanya kitu. Vinavyofanya kazi ni vitatu. Mkaa wa mifupa, ambao Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeufanyia kazi kwa miaka mingi: mifupa huchomwa kwa uangalifu, na madini yake huikamata floraidi. Mkaa huo hujaa na kuchoka, kwa hiyo maji yanayotoka kwenye chujio lazima yapimwe mara kwa mara, la sivyo mtaendelea kunywa kwa imani tu. Waelezeni pia watumiaji umetengenezwa na nini. Wapo ambao dini yao haiwaruhusu, nao wana haki ya kujua kabla. Cha pili ni mashine inayosukuma maji kwa nguvu kupitia utando wa kuchujia, ghali na yenye kumwaga maji mengi. Cha tatu ni mvua, na kwa nyumba ya kawaida ndicho ninachopenda kuliko vyote. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Huna haja ya kuyatumia kwa kila kitu: watoto wa chini ya miaka 8 wayanywe na wapikiwe nayo, yaliyobaki yatoke kisimani. Mwaga ya mwanzo yanayoosha paa, na tia klorini. Punguza pia magadi kwenye mboga, yanaweza kubeba floraidi nyingi.

Yule mama wa Njoro alinunua tangi la lita 1,000 na mfereji wa paa. Meno ya binti hayatabadilika kwa maji. Ana mdogo wake wa miaka 2, na huyo ndiye anayekunywa maji ya tangi.

Kuchukua sampuli bila kuiharibu

Niliwahi kuchukua sampuli ya bakteria kwenye mfereji uliofungwa mpira wa kumwagilia, nikiwa na haraka. Majibu yalikuja na E. coli, bakteria wanaoashiria kinyesi, tukasafisha tangi mara mbili, wapangaji wakanunua maji ya mkokoteni wiki nzima. Uchafu ulikuwa ndani ya ule mpira. Tangu hapo hufuata utaratibu bila kuruka hatua: toa mpira na chujio lolote mdomoni mwa mfereji, futa mdomo kwa spiriti, acha maji yatiririke dakika mbili au tatu, fungua chupa iliyotakaswa ya maabara bila kugusa ndani, jaza ukiacha nafasi kidogo, funga. Ndani ya chupa kuna dawa kidogo ya kuizima klorini, usiisuuze. Weka kwenye kikasha chenye barafu na ufike maabara ndani ya saa 6 ukiweza, saa 24 ikishindikana kabisa.

Kwa madini ya risasi fanya kinyume: chukua maji ya kwanza ya asubuhi yaliyolala bombani, kisha mengine baada ya kutiririsha. Tofauti ikiwa kubwa, risasi inatoka kwenye mabomba na vifaa vyako. Kikomo ni miligramu 0.01 kwa lita, na watoto ndio huumia.

Karatasi ya majibu

E. coli inapaswa kuwa sifuri kwa kila mililita 100, hakuna kidogo kinachokubalika. Koliformu za jumla, kundi pana la bakteria ambalo E. coli ni sehemu yake, zikionekana bila E. coli, zinaweza kuwa za udongo au utelezi wa tangi. Safisha, pima tena, usiogope.

Wateja wa kampuni ya maji si lazima walipie kila kitu. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inatambua haki ya maji safi na salama ya kutosha, na Ibara ya 35 pamoja na sheria ya kupata habari ya 2016 zinakupa nafasi ya kuomba majibu ya vipimo vya eneo lako. Andika barua, taja mtaa na miezi unayoitaka. Ukipuuzwa, Bodi ya Udhibiti wa Huduma za Maji hupokea malalamiko.

Na ukisoma nitrati, hasa kama kuna mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo, angalia imeandikwaje. Kikomo ni miligramu 50 kwa lita ikiwa imehesabiwa kama nitrati nzima, lakini ni kama 11 ikiwa imehesabiwa kama nitrojeni peke yake. Karatasi yenye "nitrati 20" inaweza kuwa habari njema au mbaya kutegemea neno hilo moja, na kuchemsha huizidisha kama inavyozidisha floraidi. Kama maabara haijaandika, wapigie uwaulize kabla ya kumkorogea mtoto.